Jimbo, Majimbo na Ugatuzi: Historia ya Neno Lililogawa Vyama

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la matumizi ya lugha la mwaka wa pili, niliandika ubaoni sentensi moja ya kawaida: "Chama hicho kilitaka majimbo." Nikawaomba wanafunzi waeleze maana yake. Mmoja, kutoka Tanzania, akajibu upesi kwamba chama kilitaka viti vya ubunge. Mwingine, kutoka mashariki ya Kongo, akasema kilitaka nchi igawanywe upya, kwani kwao jimbo ndilo huongozwa na gavana. Wa tatu, mzaliwa wa Bonde la Ufa nchini Kenya, alikaa kimya. Nilipomwuliza, akasema: "Mwalimu, mama yangu hapendi kulisikia neno hilo. Mwaka 2008 tulihama usiku. Mimi nilibebwa mgongoni." Hakuendelea, nami sikumsukuma.

Wanafunzi wote watatu walikuwa sahihi. Makala haya yanajaribu kueleza jinsi neno moja linalotaja sehemu ya nchi lilivyogeuka kuwa ahadi kwa watu wengine na tishio kwa wengine. Tutaanza na maana za neno lenyewe, kisha tutapitia ugomvi wa vyama vya Kenya tangu 1960 hadi 2010 na baada yake. Mwishoni tutarudi hapa kwetu Uganda, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hoja yangu ni moja. Katika ugomvi huu kati ya serikali kuu na majimbo, wanasiasa hawakubaki upande mmoja kwa imani. Wengi walihama kulingana na kiti walichokalia. Neno lilibaki, na mwananchi wa kawaida ndiye aliyelipia gharama.

Neno na maana zake

Katika Tanganyika ya wakati wa ukoloni, majimbo yalikuwa sehemu kubwa za utawala. Baada ya uhuru nafasi yake ikachukuliwa na mikoa, na jimbo likabaki hasa kwa maana ya jimbo la uchaguzi, pamoja na jimbo la kanisa lenye askofu wake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo ni sehemu ya utawala hadi leo, na tangu 2015 nchi hiyo ina majimbo 26. Watangazaji wetu wa redio nao husema "jimbo la Texas" wanapotaja sehemu za Marekani.

Kenya ilikwenda njia ya peke yake. Huko sehemu kubwa za utawala ziliitwa mikoa, zikiwa chini ya wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais. Sehemu anayoiwakilisha mbunge iliitwa eneo bunge. Kwa hiyo neno majimbo halikuachiwa kazi ya kila siku. Lilibaki katika siasa peke yake, nalo karibu kila mara likitumika katika wingi. Mkenya anaposema "majimbo" hataji mahali, anataja msimamo. Mwalimu anayefundisha neno hili kwa kutegemea kamusi tu atakuwa amefundisha nusu ya maana.

KANU na KADU, 1960 hadi 1963

Vyama viwili vikubwa vya Kenya vilizaliwa mwaka mmoja, 1960. KANU ilikuwa na viongozi kama James Gichuru, Tom Mboya na Oginga Odinga, na nguvu yake kubwa ilikuwa kwa Wakikuyu na Wajaluo. KADU iliongozwa na Ronald Ngala wa Pwani, pamoja na Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Ilikusanya jamii ambazo kila moja peke yake ilikuwa ndogo: Wakalenjin, Wamasai, Wamijikenda na sehemu ya Waluhya.

Hofu ya KADU haikuwa ya kubuni. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakijiandaa kuondoka au kuuza mashamba yao, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa Bonde la Ufa. Swali lililowanyima watu usingizi lilikuwa: nani atakayeyapata? Wamasai na Wakalenjin waliona kwamba ardhi hiyo ilichukuliwa kwao. Maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wamefanya kazi humo kwa miaka mingi, na wengine waliopoteza mashamba yao katika nyanda za kati, nao waliona wana haki. KADU ilihofia kwamba serikali ya Nairobi, ikichaguliwa kwa wingi wa kura, ingeamua jambo hilo bila kuwauliza waliokuwa wachache.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa huru, na Ngala akakubali kuiunda kwa msaada wa Wazungu wa msimamo wa wastani. Ni katika kipindi hicho KADU iliposhika sera ya majimbo. Kila sehemu ya nchi ingekuwa na baraza lake na sauti juu ya ardhi yake, na Bunge lingekuwa na Seneti ya kulinda sehemu hizo.

KANU ilijibu kwa ukali. Nchi ni changa na maskini, ilisema. Itawezaje kulipia serikali nyingi? Isitoshe, je, huu si ule ule mchezo wa mkoloni wa kugawa watu ili awatawale? Shutuma hiyo iliuma kwa sababu ilikuwa na chembe ya ukweli. Baadhi ya walowezi waliipenda sera ya majimbo kwa kuwa ilionekana kulinda mashamba yao. Lakini chembe hiyo haikufuta hofu ya Mmijikenda au Mmasai, ambaye hakuwa na shamba la kulindiwa na Mzungu yeyote.

Tukumbuke kwamba mabishano haya yalifika kwa wananchi kupitia mikutano ya hadhara, na mara nyingi kwa Kiswahili. KADU ilikuwa na neno lake, majimbo. Kenyatta naye alikuwa na lake, harambee, wito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Tuyapime maneno hayo mawili kama walimu wa lugha. Harambee inadhani kwamba kamba ni moja na wote wanavuta kuelekea upande mmoja. Haisemi ni nani aliyechagua upande huo. Majimbo yanadhani kwamba kila mtu ana sehemu yake inayojulikana. Hayasemi yule aliyezaliwa kwingine atakwenda wapi. Kila neno lilificha swali ambalo msemaji wake hakutaka kuulizwa.

Majimbo yanakufa

Mkutano wa pili wa katiba huko Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1962, uliipa KADU sehemu kubwa ya ilichotaka. Katiba iliyotokana na makubaliano hayo iligawa Kenya katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo likiwa na baraza lake. Seneti nayo ikaundwa. Hata hivyo KANU ilishinda wazi uchaguzi wa Mei 1963, na Kenyatta akawa Waziri Mkuu siku ya Madaraka, 1 Juni 1963. KADU ikabaki na nguvu katika mabaraza ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Ngala aliongoza baraza la Pwani, na Moi lile la Bonde la Ufa.

Katiba ilikuwapo kwenye karatasi, lakini fedha zilikuwa Nairobi. Majimbo hayakuwa na kodi za kutosha za kuyaendesha, na serikali kuu haikuwa na haraka ya kuwapelekea fedha watu iliowaona kuwa wapinzani. Maofisa waliendelea kupokea amri kutoka Nairobi kama walivyozoea chini ya mkoloni. Katika mkutano wa mwisho wa London, mwaka 1963, KANU ilidai katiba ilegezwe, na baadhi ya wakubwa wa KADU wakatishia hata kujitenga. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963 huku pande mbili zikiwa bado zimenuniana.

Mwaka uliofuata wabunge wa KADU walihama mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, na tarehe 10 Novemba 1964 chama kikajivunja. Ngala na wenzake walieleza uamuzi huo kuwa ni wa kujenga umoja wa taifa. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, na Moi akapewa uwaziri. Kabla ya muongo huo kwisha, Seneti na mabaraza ya majimbo yalikuwa yamefutwa, na mkuu wa mkoa akawa jicho la Rais.

Hapa ndipo historia inapoanza kuwacheka wahusika wake. Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa waliotaka serikali kuu yenye nguvu, naye akawa Makamu wa Rais. Mwaka 1966 aligombana na wenzake, akajiuzulu na kuunda chama cha KPU. Serikali kuu aliyosaidia kuipa nguvu ilikibana chama hicho, ikakipiga marufuku 1969, na Odinga akawekwa kizuizini. Moi, aliyekuwa mtetezi wa majimbo, alikuwa Makamu wa Rais 1967 na Rais 1978. Alipokaa kwenye kiti hicho hakuyarudisha majimbo. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na madaraka yakazidi kurundikwa Ikulu.

Neno linarudi na meno

Mwaka 1991 vuguvugu la kudai vyama vingi lilipopamba moto, baadhi ya wanasiasa wa KANU waliitisha mikutano ya hadhara katika Bonde la Ufa, ikiwemo ile ya Kapsabet na Kapkatet mwezi Septemba. Humo neno majimbo lilifufuliwa. Lakini halikuwa tena neno la mabaraza na Seneti. Sasa lilikuwa na maana kwamba Bonde la Ufa lina wenyewe, na waliohamia humo wakishabikia upinzani itabidi warudi "kwao". Neno jingine la Kiswahili likaingizwa kazini: madoadoa. Doa ni kitu cha kufutwa ili nguo iwe safi. Mtu akishaitwa doa, hoja ya kumwondoa imekwisha kutolewa ndani ya jina lenyewe.

Mapigano yalianza Oktoba 1991 na kuendelea kabla na baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Mamia ya watu waliuawa na makumi ya maelfu wakakosa makao. Agosti 1997 yalizuka tena huko Likoni, Mombasa, na waliolengwa hasa walikuwa "watu wa bara".

Ni vizuri tutazame kwa makini jinsi siasa za namna hii zinavyofanya kazi, maana hazikuanzia Kenya wala hazitaishia huko. Msemaji hujitokeza kwa jina la wananchi dhidi ya wakubwa. Malalamiko anayoyataja mara nyingi ni ya kweli: ardhi ilichukuliwa, kazi ni chache, Nairobi ni mbali. Lakini Nairobi haiko mkutanoni ijibu. Aliye karibu ni jirani, mwenye duka au mwenye ekari tano alizonunua kihalali. Hasira iliyokusudiwa kwa serikali kuu hutua juu ya jirani huyo.

Watoto wa waasisi

Mjadala wa katiba mpya ulipofika kwenye kura ya maoni ya 21 Novemba 2005, ndizi ilikuwa alama ya kukubali na chungwa alama ya kukataa. Chungwa lilishinda, na kutoka kwake kikazaliwa chama cha ODM. Katika kampeni za 2007, Raila Odinga, mwana wa yule Odinga aliyeipigania serikali kuu, alinadi majimbo. Upande wa Rais Kibaki ulionya kwamba majimbo yangeleta watu kufukuzwa makwao. Miongoni mwa waliomwunga mkono Kibaki alikuwa Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo.

Baada ya matokeo kubishaniwa, nchi iliwaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na mamia ya maelfu walihama. Sababu zilikuwa nyingi: kura, polisi, ardhi, ukosefu wa kazi. Lakini kwa familia kama ya mwanafunzi wangu, neno walilolisikia kabla ya moto lilikuwa majimbo.

Kwa hiyo katiba ilipojadiliwa upya, wengi walilikwepa neno hilo. Badala yake lilishamiri neno ugatuzi, kutokana na kitenzi gatua, na sehemu mpya zikaitwa kaunti. Msidhani lilikuwa pambo la lugha tu, kwani mpango wenyewe ulibadilika. Badala ya majimbo machache makubwa, ambayo kila moja lingeweza kudaiwa na kabila moja au mawili, zikaundwa kaunti 47 kwa kufuata wilaya za zamani. Katiba ikaamuru kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, ili fedha zisizuiwe kama zilivyozuiwa 1964. Seneti ikarudishwa. Katiba hiyo ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 kwa takriban asilimia 67.

Moi, kiongozi wa zamani wa majimbo, aliipinga. William Ruto, aliyekuwa ODM katika kampeni za 2007, aliongoza upande wa "La". Na baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Rais aliyezipokea serikali za kwanza za kaunti alikuwa Uhuru Kenyatta, naibu wake akiwa Ruto. Mkusanye mabadiliko hayo yote, mniambie ni nani aliyebaki mahali alipoanzia.

Je, ugatuzi umeponya kidonda? Kwa sehemu. Barabara na zahanati zimefika mahali zilipokuwa hadithi, hasa kaskazini. Lakini magavana wamelalamika mara kwa mara kwamba fedha zinacheleweshwa Nairobi. Na ndani ya kaunti swali la mwenyeji halijafa. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ajira za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Uchunguzi wa tume ya uwiano na utangamano umeonyesha kwamba kaunti nyingi hazijafika hapo.

Na sisi wa Uganda?

Tusiwacheke majirani. Miaka ile ile KADU ilipodai majimbo, hapa kwetu Buganda ilidai federo. Mwaka 1959 vuguvugu la Uganda National Movement liliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika. Mwaka 1961 kikazaliwa Kabaka Yekka, yaani "Kabaka Pekee", chama ambacho jina lake lilikuwa ndiyo sera yake. Katika uchaguzi wa Lukiiko wa Februari 1962 kilipata viti 65 kati ya 68.

UPC ya Milton Obote, iliyotaka serikali kuu yenye nguvu, iliungana na Kabaka Yekka iliyotaka kinyume chake, ili kukishinda DP cha Benedicto Kiwanuka. Ndoa hiyo ilidumu hadi 1964, mwaka wa kura juu ya wilaya za Buyaga na Bugangaizi, zilizorudi Bunyoro. Februari 1966 Obote alisimamisha katiba. Tarehe 20 Mei Lukiiko iliitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, na tarehe 24 Mei jeshi chini ya Idi Amin likaushambulia Lubiri. Kabaka Mutesa alitoroka na kufia London 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme, na jengo la Bulange likawa makao ya jeshi. Miaka minne baadaye, Januari 1971, jeshi hilo hilo lilimwondoa Obote mwenyewe.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Lugha ya jeshi lile ilikuwa Kiswahili. Kwa Waganda wengi wa kizazi hicho, Kiswahili kilikuwa sauti ya bunduki ya serikali kuu, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakuwapa sababu ya kukipenda. Mzazi wa Masaka au Mukono anayenuna mwanawe akichagua somo letu si mjinga. Ana kumbukumbu yake.

Hitimisho

Sitaki kumwambia msomaji kwamba serikali kuu ni mbaya au kwamba majimbo ni mazuri. Wenye hofu ya kumezwa na wengi walikuwa na hoja 1961, na wana hoja leo. Wenye hofu ya nchi kukatwa vipande nao walikuwa na hoja. Kipimo ninachopendekeza ni kidogo zaidi, nacho ni kipimo cha mwalimu wa lugha: mtu akisema kwa jina la "wananchi" au "wenyeji", tumwulize nani hayumo katika neno hilo. Mwanasiasa anayeweza kujibu waziwazi astahili kusikilizwa, awe wa chama chochote. Asiyeweza, tungoje kidogo kabla ya kumpigia makofi.

Mwanafunzi wangu aliniomba ruhusa aandike kazi yake ya muhula juu ya neno jimbo. Nilimpa, na nikamshauri aanze kwa kumhoji mama yake, kama mama atakubali.

Maswali ya mjadala darasani

1. Linganisha matumizi ya neno jimbo nchini Tanzania, Kenya na Kongo. Ni tofauti zipi zinatokana na historia ya utawala?
2. Maneno "wananchi", "wenyeji" na "wageni" yanatumikaje katika hotuba za kisiasa unazozisikia nyumbani kwenu?
3. Je, kubadili neno, kama kutoka majimbo hadi ugatuzi, kunaweza kubadili siasa? Toa sababu.